Pangua na Panga: Kiswahili cha Kamshafti

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, kila inapofika siku hiyo huzuka ubishi uleule. Upande mmoja husema Kiswahili kinajitosheleza kwa sayansi na teknolojia. Upande wa pili hucheka na kuuliza: haya basi, hiki na kile mnakiitaje? Pande zote mbili hubishana juu ya maneno, kana kwamba lugha ni ghala, na hoja yote ni kuhesabu magunia.

Naona ubishi huo umesimama mahali pasipo pake. Kiswahili hakikosi maneno ya ufundi. Kinachokosekana ni maandishi ya ufundi: nathari iliyotulia, inayomshika mtu mkono kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na kumweleza kwa nini hatua ya tatu haiwezi kutangulia ya pili. Kuthibitisha dai hili nimechagua kazi moja tu, nayo ni ya mtu asiye fundi anayebadilisha kamshafti ya gari nyumbani kwake kwa mara ya kwanza.

Sikuichagua kwa mzaha. Naandika nikiwa Makanya, wilayani Same, kando ya barabara kuu iendayo Arusha na Tanga, karibu na reli ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tanga hadi ikafika Moshi mwaka 1911. Huku bondeni kuna mkonge, jasi, vumbi na jua. Juu yetu iko milima ya Upare, na njia za kupandia vijiji kama Suji na Chome zina mwinuko unaozitesa injini. Gari kwa watu wa huku si pambo. Ndilo linalomshusha mgonjwa, ndilo linalobeba saruji, ndilo ada ya mtoto. Injini ikinyamaza, nyumba nzima hunyamaza. Kwa sababu hiyo wako vijana wasio na cheti cha ufundi wala fedha ya kulipa gereji ya mjini, ambao hulisogeza gari chini ya mwarobaini, wakatandika turubai, wakakusanya spana za kuazima, na kuanza.

Kamshafti ni nini? Ni fito ya chuma yenye nundu. Kila nundu inapopita huisukuma valvu ikafunguka, na nundu ikiisha kupita, springi huirudisha valvu ikajifunga. Injini ya mipigo minne huvuta hewa, huishindilia, huichoma pamoja na mafuta, kisha huutoa moshi. Kwa kazi hizo nne krenki huzunguka mara mbili na kamshafti mara moja. Viwili hivi huunganishwa kwa mkanda, cheni au gia, ili kila valvu ifunguke kwa zamu yake, isiwahi wala isichelewe. Zamu hiyo ndiyo mafundi wanayoiita taimingi. Nundu zikilika, valvu hazifunguki vya kutosha, na gari hupoteza nguvu, hutetemeka na hugonga.

Msomaji ataona kwamba katika aya hiyo sikukwama. Maneno kama kamshafti, krenki, valvu, springi na taimingi yako midomoni mwa mafundi kutoka Same hadi Mombasa. Nundu tunaijua tangu tulipomwona ng'ombe. Zamu tunaijua tangu tulipochota maji kisimani. Mtunzi wa mashairi naye anaielewa taimingi kuliko anavyodhani, kwa sababu amezoea mizani. Beti la tarbia lenye mizani nane kwa nane likizidi silabi moja, sikio hushtuka. Katika injini, mkanda ukiruka jino moja, gari hushtuka vivyo hivyo.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe. Anayeanza hutoa waya wa betri kwanza. Hufungua kifuniko cha juu, kisha huzungusha krenki kwa spana mpaka silinda namba moja ifike kileleni na alama za magurudumu ya taimingi zitazamane na alama zilizo kwenye bloku na hedi. Huziwekea rangi ili asije akazisahau. Ndipo hulegeza mkanda. Baada ya hapo huja vifuniko vya beringi vinavyoishika kamshafti. Vifuniko hivi, katika injini nyingi, vina namba na mshale, kwa kuwa kila kimoja kina mahali pake na upande wake. Havifunguliwi ovyo. Springi za valvu zinaisukuma kamshafti kutoka chini, na mtu akifungua upande mmoja wote huku mwingine umekazwa, fito hupinda au hata huvunjika. Kwa kawaida hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Wakati wa kurudisha, kamshafti mpya hupakwa oili, vifuniko hurudi kwa namba zake, na ukazaji huanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, hadi kufikia kipimo kilichotajwa na mtengenezaji. Kisha alama hulinganishwa upya, mkanda hufungwa, na krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya mtu yeyote kugusa ufunguo. Ikikataa kuzunguka, isilazimishwe. Kukataa huko ni onyo kwamba pistoni imekutana na valvu.

Onyo hilo ni kubwa zaidi kwa injini za dizeli, kwa sababu nafasi iliyopo kati ya pistoni iliyo kileleni na valvu ni ndogo mno. Kazi zenyewe nazo hutofautiana. Toyota Hiace yenye injini ya 5L ina kamshafti juu ya hedi, nayo huendeshwa kwa mkanda. Land Rover kuukuu yenye injini ya lita 2.25 ina kamshafti iliyolala ndani ya bloku, nayo huendeshwa kwa cheni. Anayezichanganya kazi hizi mbili ataharibu moja.

Sasa nauliza: maelezo kama haya kijana wa Makanya atayasoma wapi kwa Kiswahili? Gari lililotumika kutoka Japani mara nyingi huja na kitabu cha Kijapani ndani ya kisanduku cha dashibodi. Kitabu cha karakana, akikipata, kitakuwa cha Kiingereza. Video za kwenye simu zipo nyingi. Hata zile za Kiswahili humwonyesha mkono unaofanya, na si kila mara humwambia sababu. Fundi kwenye video husema, “unakaza hapa, halafu hapa, halafu unakuja huku.” Hapa ni wapi, na huku ni wapi? Mkono wake umeifunika ile nati tuliyotaka kuiona. Maandishi hayana mkono wa kuonyeshea, na kwa hiyo hulazimika kutaja. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Nimemtazama kijana mmoja wa jirani akiifanya kazi hii mwanzo hadi mwisho, siku tatu, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Hakukwama kwa sababu ya ujinga, kwani alijua kila kifaa kwa jina. Alikwama mahali ambapo msemaji wa video, kwa Kiingereza cha haraka, alieleza kwamba vifuniko vifunguliwe kwa mpangilio fulani. Kijana alisikia neno la kufungua, asisikie neno la mpangilio. Bahati njema alisita, akaenda kumuuliza mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori. Mzee akamjibu kwa sentensi moja: “Anza pembeni, uje kati, na usimalize hata moja kabla zote hazijalegea.” Sentensi hiyo ina maneno machache, na iliokoa kamshafti nzima. Haijaandikwa popote ninapopajua. Mzee huyo akiondoka, nayo itaondoka.

Watu wanaosema lugha yetu haina uwezo huu hawajaitazama sarufi yake. Kiswahili kina kinyambuo cha utenduzi, kile cha -ua na -oa, ambacho kazi yake ni kugeuza tendo lirudi lilikotoka. Tunafunga na kufungua, tunapanga na kupangua, tunachomeka na kuchomoa, tunaziba na kuzibua, tunakunja na kukunjua. Kanuni ya kwanza ya ufundi wowote wa mashine ni kwamba kilichotoka mwisho hurudi kwanza. Lugha nyingine huieleza kanuni hiyo kwa sentensi nzima. Sisi tumeizaa ndani ya kitenzi. Mtoto anayejua tofauti ya panga na pangua tayari amebeba nusu ya somo la karakana, na hakuna aliyemwambia.

Ongeza hapo vinyambuo vingine. Kaza si sawa na kazia, wala kazana. Zungusha si zunguka: la kwanza lina mtendaji, la pili halina, na tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kuigeuza krenki kwa spana na kuiacha ijizungukie kwa nguvu ya springi. Linganisha, tazamanisha, legeza, bana, banua. Haya si maneno ya kukopa wala ya kubuniwa katika kikao. Ni mali ya kila mmoja wetu.

Wala ufundi si mgeni katika lugha hii. Tunapotaja usukani wa gari tunalitumia neno la mabaharia, kwani usukani ulikuwa wa chombo majini kabla haujawa wa motokaa. Waunda majahazi walikuwa na kalafati ya kuzibia mianya, keekee ya kutobolea, tezo ya kuchongea, roda ya kupandishia tanga. Parafujo na bomba tulizipokea kutoka kwa Wareno, msumari kutoka kwa Waarabu, gari kutoka Kihindi, spana na jeki kutoka kwa Waingereza, na zote leo zinapatanishwa kisarufi kama wenyeji. Na huku milimani kwetu, kabla ya chuma cha meli kufika, kulikuwa na wahunzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, ameeleza nafasi ya Washana, ukoo wa wahunzi, katika Ugweno ya kale. Jembe la Upare lilikuwa bidhaa. Watu waliojua kuyeyusha mawe yakawa chuma walikuwa na lugha ya kumfundishia kijana wao kazi hiyo. Haiwezekani wajukuu wao wasiweze kuandika ukurasa mmoja juu ya fito yenye nundu.

Hata neno fundi lenyewe linatuhukumu. Fundi, kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi ni watoto wa mzizi mmoja. Katika lugha hii mwalimu na fundi ni ndugu wa tumbo moja. Tuliowatenga ni sisi, tukampa mmoja chaki na mwingine grisi, kisha tukaamini kwamba mwenye grisi hana cha kuandika na mwenye chaki hana cha kushika.

Najua wako wenzangu wapenda lugha watakaokunja uso kwa neno kamshafti. Wangependa tubuni neno la asili kwanza, na kazi ianze baadaye. Nawaheshimu, na sidharau kazi ya istilahi. BAKITA ipo tangu mwaka 1967. TUKI ilitupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Hizo ni juhudi za kujivunia. Lakini istilahi huota mizizi ndani ya matini. Neno lililowekwa kwenye orodha bila kitabu cha kulitumia ni mbegu iliyowekwa kabatini. Mafundi wamekwisha kuipokea kamshafti na kuitia katika ngeli: kamshafti imelika, kamshafti zimelika, kamshafti yake, kamshafti hizi. Upatanisho ndio hati ya uraia wa neno. Siku litakapopatikana jina zuri zaidi, na mafundi wakalipenda, tutabadilisha. Hadi siku hiyo tuandike na tulilo nalo.

Lakini haki ni kusema pia upande ambao lugha ya gereji hupungua. Hupungua kwenye kipimo. Fundi hodari husema “kaza mpaka ikatae”, na mkono wake, uliozoea miaka 20, unajua ikikataa maana yake nini. Mkono wa anayeanza haujui. Kwake kukataa kwa nati kunaweza kuwa ni uchafu kwenye nyuzi zake, na kukubali kwake kunaweza kuwa ni bolti inayokaribia kukatika. Kwake inahitajika namba, na spana ya kupimia, na maelezo ya kwamba namba ya injini hii si ya injini ile. Vivyo hivyo kwa uwashaji wa kwanza. Katika injini zenye tapeti bapa zisizo na rola, mafundi wengi hushauri injini isiachwe ikinguruma polepole, bali ishikiliwe kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, ili nundu na tapeti zizoeane. Mambo kama haya hayakai kichwani kwa kusikia mara moja. Yanataka karatasi.

Hapo ndipo nawageukia watunzi, ambao ndio wenye nyumba katika ukumbi huu. Tumezoea kudhani kwamba ushairi ni wa mapenzi, siasa na maombolezo. Lakini mapokeo yetu ni ya mafunzo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate katikati ya karne ya 19, ni mama anayempa binti yake maelekezo ya maisha, jambo moja baada ya jingine, kwa bahari nyepesi inayokaa kichwani. Utenzi ulikuwa daftari la watu ambao daftari lao lilikuwa kumbukumbu. Mtu aliye chini ya gari, mikono imejaa oili, hawezi kufungua ukurasa, lakini anaweza kukariri. Kwa mfano:

Anza wewe katikati,
Uziguse zote nati,
Usikaze kwa bahati,
Kila moja kwa zamuye.

Alama zitazamane,
Ndipo mkanda ubane,
Pande zote zilingane,
Ufunguo usitiye.

Sijidai kwamba hizo ni beti za kusifiwa. Watunzi wazuri kuliko mimi wapo, na wengi wao watalisoma hili. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba mpangilio wa kukaza vifuniko vya kamshafti unaingia katika mizani nane bila kulia. Sehemu ya kina ya kazi, yenye namba na tahadhari, ibaki kwenye nathari. Sehemu ya kukumbukwa ipewe mtunzi.

Yako mapingamizi mawili ninayoyasikia kabla hayajasemwa. La kwanza ni kwamba nawanyang'anya mafundi riziki, nikimwambia kila mtu ajifungulie injini. Sivyo. Anayesoma kazi yote na kuielewa mara nyingi huamua mwenyewe kumpelekea fundi, na humpelekea akijua anacholipia. Fundi mwadilifu hana hofu na mteja anayejua. Isitoshe, fundi aliyeandika ukurasa wa ujuzi wake amejiwekea jina ambalo hata kutu haili. Nakubali pia kwamba ziko kazi zisizofaa kufanywa chini ya mwarobaini, na maandishi mazuri ndiyo yanayopaswa kusema hivyo waziwazi: hapa simama, usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, mwite anayejua.

La pili ni kwamba Kiingereza kipo, na kijana akijifunze. Na akijifunze kweli, kwani lugha ni mlango, na nyumba yenye milango miwili ina hewa zaidi. Lakini kumtaka mtu avuke lugha ya pili ndipo afike kwenye ujuzi wa kwanza ni kumtoza ushuru mara mbili. Anayelipa ushuru huo kwa kawaida ni yule mwenye kipato kidogo zaidi, na risiti yake huwa ni valvu zilizopinda.

Shuleni mwanafunzi hufundishwa kuandika insha, barua rasmi, hotuba na risala. Ni vyema. Natamani aongezewe zoezi moja: aende kwa mtu mwenye ujuzi mtaani kwake, awe fundi gari, msusi, mjenzi wa tanuri la matofali au mama anayekamua miwa kwa ajili ya pombe ya dengelua, amsikilize, kisha aandike kazi hiyo kwa mpangilio kiasi kwamba mgeni aisome na kuifanya. Hakuna insha ya methali inayodai ukweli kama hiyo. Katika insha ya methali mwanafunzi akikosea hupoteza alama. Katika maelezo ya kamshafti akikosea, gari la mtu haliwaki. Uandishi wa namna hiyo hufundisha adabu ya neno, yaani kutoliweka mahali ambapo halifanyi kazi.

Basi ombi langu kwa wasomaji wa ukumbi huu ni dogo. Julai 7 ijayo, badala ya shairi jingine la kukisifu Kiswahili, kila mmoja wetu akae na fundi mmoja, kazi moja, ukurasa mmoja. Ataje kila kifaa kwa jina linalotumika, aseme kipi hutangulia na kwa nini, aweke namba pale inapotakiwa, na amsomee fundi mwenyewe kabla ya kuuchapisha. Fundi akitikisa kichwa, afute na kuandika upya. Lugha husifiwa vya kutosha pale mtu aliyekuwa hajui anapoisoma, akainuka, akashika spana, na injini ikawaka.